Kutoka maji ya nazi hadi emulsifaya: mwongozo wa kufuga na kubadili bakteria wa selulosi, kwa walio Mtwara na Lindi

Ukipita asubuhi kwa kina mama wanaokamua mafuta ya nazi Mikindani, utaona jambo linaloniuma kila mara. Nazi inapasuliwa, tui linakamuliwa, machicha wanapewa kuku, vifuu vinakwenda jikoni kuwa kuni. Maji ya nazi komavu ndiyo hayana mwenyewe. Yanamwagwa mchangani, ndoo baada ya ndoo.

Ndani ya maji hayo mna sukari, madini na asidi amino kidogo, chakula kinachomtosha bakteria anayeitwa Komagataeibacter xylinus. Zamani vitabu vilimwita Acetobacter xylinum, na mwaka 1886 Mwingereza A. J. Brown alieleza utando wake mweupe kuwa ni selulosi, ileile iliyo katika pamba. Wafilipino huutengeneza utando huo kwa maji ya nazi na kuula kama kitindamlo, wakiuita nata de coco. Mimi nautaka kwa kazi nyingine: ukisagwa vizuri, nyuzi zake huweza kuyashika mafuta ndani ya maji yasijitenge. Yaani ni emulsifaya.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sayansi, mwanafunzi wa chuo, fundi wa maabara au mjasiriamali mwenye subira. Sehemu kubwa inafanyika kwa beseni, blenda na mizani. Sehemu ya jeni inafanyika ndani ya maabara yenye kibali tu, nami nitaeleza kwa nini naiweka mwisho ingawa ndiyo inayowavuta wengi.

Kwanza, elewa unatafuta nini

Polisakaridi ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoungana. Wanga wa muhogo ni polisakaridi, gundi inayotoka kwenye shina la mkorosho ni polisakaridi, selulosi nayo vilevile. Bakteria wengi hutengeneza za kwao na kuzitoa nje ya mwili.

Si kila polisakaridi ni emulsifaya, na hapa ndipo watu wengi hujichanganya. Soma kibandiko cha chupa ya sosi dukani, mara nyingi utakuta E415. Hiyo ni zanthani, inayotolewa na bakteria Xanthomonas campestris, yuleyule anayeozesha kabichi shambani. Zanthani inayafanya maji yawe mazito, kwa hiyo matone ya mafuta yanachelewa kupanda juu. Imeyazuia njiani, lakini haijakaa kwenye ngozi ya tone. Kinyume chake ni emulsani, iliyoelezwa mwaka 1979 na Eugene Rosenberg, David Gutnick na wenzao huko Tel Aviv, kutoka bakteria aliyepewa namba RAG-1. Emulsani ina mnyororo wa sukari unaopenda maji na mikia ya asidi za mafuta inayopenda mafuta, hivyo inasimama mpakani hasa, mguu mmoja huku na mwingine kule.

Selulosi ya bakteria ina njia ya tatu. Haina mikia ya mafuta. Nyuzi zake nyembamba hujilaza juu ya tone, zikasukana kama wavu wa dagaa, na tone likikutana na jingine hayaungani kwa sababu wavu uko katikati. Kwa kuwa nyuzi hizi hazitegemei sana chaji ya umeme, huvumilia chumvi na uchachu kuliko protini nyingi. Tui letu linashikwa na protini za nazi, ndiyo maana ukilichemsha kwa moto mkali bila kukoroga linakatika na mafuta yanaelea. Fikiria pilipili ya chupa yenye ndimu na chumvi nyingi: hapo ndipo wavu wa selulosi una nafasi yake.

Kumpata bakteria

Njia salama zaidi ni kuomba aina inayojulikana kutoka maabara ya chuo au taasisi inayotunza vimelea. Kama lengo lako ni chakula cha kuuza, hiyo ndiyo njia pekee ninayokushauri. Bakteria uliyemwokota porini hujui ameongozana na nani.

Kwa kujifunza, unaweza kumtega. Msimu wa mabibo, Oktoba hadi Desemba hivi, kusini kwetu hakuna mtego bora. Mabibo yaliyoanguka chini ya mkorosho na kuanza kunuka pombe yamejaa hamira za asili, na nyuma ya hamira wanakuja bakteria wa siki. Watengenezaji wa uraka wanawajua bila kuwaona, maana uraka ukikaa sana unageuka mkali na juu unatanda ngozi.

Kata bibo moja lililoiva kupita kiasi, vipande vidogo. Tia kwenye mtungi wa kioo wenye nusu lita ya maji ya nazi yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko viwili vya chakula, na siki nyeupe vijiko viwili. Funika kwa kitambaa cha pamba kilichosokotwa kwa karibu. Kile cha wazi kama chandarua kinawapitisha inzi wadogo wa matunda. Weka mahali pa kivuli pasipotikisika, siku 7 hadi 10.

Unachokitafuta juu ya maji ni ngozi laini, ya rangi ya maziwa au inayopitisha mwanga, inayoteleza ukiigusa kwa kijiko safi, na harufu ya siki. Ukiona manyoya ya kijani, meusi au ya pinki, huo ni ukungu. Usiukwangue ukidhani umeuondoa, mwaga mtungi mzima baada ya kuuchemsha. Ngozi kavu yenye mikunjo na unga mweupe ni hamira, nayo siyo.

Una jaribio moja la kuthibitisha. Kata kipande cha ngozi, kichemshe taratibu ndani ya maji yenye kostiki soda, gramu 20 kwa lita. Ngozi ya hamira itaharibika na kuvurugika, ila selulosi itabaki kipande kizima na itazidi kuwa nyeupe.

Kostiki soda ni ile ya watengeneza sabuni. Tia soda ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya soda. Vaa glavu na miwani. Na tafadhali sana, usitumie sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyojaa majikoni kwetu. Kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya hidrojeni inayowaka. Tafuta sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au bakuli la kioo linalovumilia moto.

Chakula chake

Kwa lita moja ya chakula cha bakteria:

maji ya nazi komavu yaliyochujwa, lita 1
sukari, gramu 50
hamira ya dukani, gramu 5
siki nyeupe, kidogo kidogo hadi karatasi ya pH (kipimo cha uchachu) isome 4.5
maji ya mtungi wa kwanza yenye bakteria hai, mililita 100

Chemsha maji ya nazi, sukari na hamira kwa dakika 15. Hamira hapa haifanyi kazi ya kuumua. Tunaiua ili iwe chakula, kwa kuwa ina protini na vitamini ambazo maji ya nazi hayana za kutosha. Ikibaki hai itakushinda, utapata pombe. Hamisha kwenye chombo cha kioo au plastiki ya chakula ndipo utie siki, kwa sababu uchachu nao unakwangua alumini. Ngoja ipoe kabisa, chini ya nyuzi 30, ndipo utie bakteria.

Wenye nata de coco hutumia salfeti ya amonia badala ya hamira. Nimeshaulizwa mara nyingi kama mbolea ya SA ya duka la pembejeo inafaa. Haifai. Mbolea haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu, na inaweza kuja na metali nzito.

Waliopo Newala, Tandahimba au Masasi wataniuliza kuhusu juisi ya mabibo badala ya maji ya nazi. Inawezekana, ina sukari ya kutosha na vitamini C nyingi. Tatizo ni ule ukali unaokamata ulimi, yaani tanini, ambayo inautia utando rangi ya kahawia. Chemsha juisi na uji mwepesi wa wanga wa muhogo, acha itulie, tanini nyingi itashuka chini kama matope, uchukue iliyo juu. Lakini anza na nazi. Nazi zipo mwaka mzima, na ni vizuri ujifunze tabia ya bakteria kabla ya kujifunza tabia ya bibo.

Kumlaza

Bakteria huyu anahitaji hewa, ndiyo maana anatengeneza utando: ni mashua yake ya kukaa juu. Kwa hiyo chombo kipana ni bora kuliko kirefu. Beseni au trei yenye kina cha sentimita 3 hadi 5 inatosha. Joto analolipenda ni nyuzi 28 hadi 30, na hapo pwani yetu inampa bure kile ambacho maabara za Ulaya hulipia umeme. Chumba chenye bati bila dari ni hatari mwezi wa Novemba, kinapita nyuzi 34 mchana na kazi inazorota. Chini ya mwembe, ndani ya banda la makuti, pako sawa kabisa.

Simamisha miguu ya meza ndani ya makopo ya maji. Sisimizi wa Mtwara hawajawahi kukosa njia ya kwenda kwenye sukari.

Halafu usimguse. Trei zangu za kwanza niliziharibu kwa furaha yangu mwenyewe. Kila mgeni akifika nilikuwa nainua trei kumwonyesha. Kila nilipoinua, utando ulizama kidogo, mwingine ukaanza kutanda juu yake, na mwisho nilivuna matabaka sita membamba kama karatasi, hakuna hata moja lenye manufaa. Kuna sababu kubwa zaidi ya kutotikisa. Ukimtikisa, hewa inafika kila mahali, na mashua haina kazi tena. Ndani ya kundi huzaliwa bakteria waliopoteza uwezo wa kutengeneza selulosi, hao hawana mzigo wa kujenga, basi huzaana haraka na kuwashinda wenzao. Baada ya vizazi vichache una supu ya wavivu. Mtu anayetaka kubadili jeni za bakteria huyu lazima alijue hilo mapema, kwa sababu jeni zinabadilika hata kama hujazigusa.

Siku ya 8 hadi 14 utando unafika unene wa sentimita moja. Vaa glavu safi, uinue. Hifadhi mililita 100 za maji ya chini kwa ajili ya trei inayofuata, na nyingine 100 kwenye friji kama akiba, iwapo ya kwanza itaingiwa na ukungu.

Kuosha na kusaga

Utando mbichi ni maji kwa asilimia 99 hivi. Kilo moja ukiikausha inabaki gramu 10 au zaidi kidogo. Usikate tamaa, kwa sababu kazi yetu inahitaji kiasi kidogo mno.

Osha kwa maji mengi. Kisha kwa matumizi ya maabara pasha moto kwenye kostiki soda gramu 20 kwa lita, isizidi saa moja, joto likiwa karibu nyuzi 80. Hii inaua bakteria na kuondoa protini zao, na ni muhimu sana kuliko inavyoonekana: protini nazo zinashika mafuta, na kama hukuziondoa, hutajua kama sifa ni ya selulosi au ya mabaki ya bakteria. Osha tena, badilisha maji mara nyingi, hadi karatasi ya pH ionyeshe 7. Kwa njia ya jikoni, bila kostiki, kata vipande na uchemshe kwenye maji matupu mara tatu au nne ukimwaga kila mara.

Sasa saga. Gramu 100 za utando ulionyonya maji yake, na maji safi mililita 100, ndani ya blenda. Dakika moja saga, dakika moja pumzisha mota, rudia hadi upate dakika 5 za kusaga. Rojo litakuwa na selulosi nusu asilimia hivi. Pima kwa uhakika: kausha gramu 10 za rojo kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena, ukokotoe. Blenda ya nyumbani inatoa nyuzi ndefu zilizofungamana. Maabara zenye uwezo huendelea kuzikata kwa asidi ya salfa au mashine za shinikizo kubwa hadi ziwe ndogo za nano. Asidi hiyo kali usiiguse nyumbani.

Kupima, ndipo kazi ilipo

Hapa naomba uweke moyo wote. Nimeona watu wakimaliza hatua zote kisha wanapima kwa macho: "imeshika vizuri." Kushika vizuri ni namba.

Tumia mafuta ya ufuta, ambayo Lindi inayo kwa wingi. Mafuta ya nazi yanaganda karibu na nyuzi 24, na asubuhi za Julai utadhani emulsifaya imefanya muujiza kumbe ni baridi. Chukua rojo mililita 160, mafuta mililita 40, saga dakika 2 kwa mwendo uleule kila siku. Mimina kwenye kopo la kioo jembamba lenye kuta zilizonyooka. Weka alama ya saa. Baada ya saa 24, pima kwa rula urefu wa tabaka jeupe la emulsheni, yaani mafuta yaliyoshikwa ndani ya maji, gawanya kwa urefu wote wa kimiminika, zidisha kwa 100. Namba hiyo inajulikana kama kipimo cha E24. Kama kimiminika chote ni sentimita 10 na tabaka jeupe ni sentimita 6, E24 ni 60.

Pima pia mafuta huru yaliyoelea juu, ya manjano na yanayong'aa. E24 peke yake inaweza kukudanganya, kwa kuwa tabaka jeupe linaweza kuwa nene huku mafuta yakivuja juu yake. Mimi nikiona mafuta huru hata milimita mbili, nahesabu jaribio limeshindwa.

Weka makopo ya kulinganisha: moja la maji na mafuta tu, moja lenye kiini cha yai kwenye maji, na moja lenye rojo lako. Kila moja liwe na ndugu zake wawili, yaani matatu matatu, kwa sababu kopo moja halithibitishi kitu. Halafu rudia seti nzima ukiongeza chumvi asilimia 2, na nyingine ukiongeza maji ya ndimu, na nyingine ukiipasha moto nyuzi 80 kwa nusu saa. Emulsifaya inayosimama kwenye maji matupu na kuanguka kwenye chumvi haitamsaidia mtengeneza achari.

Usile wala kujipaka majaribio ya bakteria uliyemtega porini. Hata kwa aina inayojulikana, kitu chenye maji na mafuta bila kihifadhi kinaharibika upesi kwenye joto letu, kwa hiyo weka friji na usizidishe siku 3. Ukifika kuuza, chakula kinapitia TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, zipo Mtwara na Lindi kwa ushauri wa kuanzia.

Kumbadili bila kugusa jeni

Sasa una namba zako za msingi, unaweza kuanza kubadili. Na kabla ya jeni kuna mlango rahisi: badilisha anachokula wakati anajenga.

Tia wanga wa muhogo gramu 10 kwa lita, uchemke pamoja na maji ya nazi hadi uwe uji mwepesi, kabla ya siki. Nyuzi za selulosi zitafumwa huku wanga ukiwa katikati, na utando unatoka mnene na wenye hali tofauti mkononi. Jaribio la pili ni CMC, ile poda ya kuongeza uzito wanayotumia watengeneza sabuni ya maji, gramu 5 kwa lita. Hiyo ni selulosi iliyokwisha kubadilishwa kwa kemikali na ina chaji hasi. Inashikamana na nyuzi changa, inazuia zisilale pamoja kwa mpangilio mkali, na ukisaga rojo linakuwa laini na kutawanyika kirahisi. CMC ya sabuni ni ya jaribio tu, ya chakula inauzwa kwa daraja lake.

Pima E24 kwa kila moja dhidi ya utando wa kawaida. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Miezi miwili ya kazi hii itakufundisha zaidi kuliko semina nyingi, na utajua swali gani hasa unataka jeni ikujibu.

Jeni

Uhandisi jeni kwa bakteria huyu unaanza na jeni nne zilizokaa kwa mstari: bcsA, bcsB, bcsC na bcsD. Kimeng'enya cha BcsA, kikisaidiwa na BcsB, kinaunganisha glukosi moja baada ya nyingine. BcsC inahusika na kuutoa mnyororo nje. BcsD inasaidia nyuzi zijipange kwa mpangilio wa fuwele. Kuna pia swichi: molekuli ndogo iitwayo c-di-GMP, iliyogunduliwa mwaka 1987 na kundi la Moshe Benziman katika bakteria huyuhuyu, ambayo ikiwepo, kazi ya kujenga inashika kasi.

Kutoka hapo una njia tatu za kufikiria. Ya kwanza ni kuzuia upotevu. Bakteria huyu akila glukosi, sehemu kubwa anaigeuza asidi ya glukoni badala ya selulosi, na chakula kinazidi uchachu. Watafiti waliizima jeni ya kimeng'enya kinachofanya ugeuzaji huo na kupata selulosi zaidi. Hii inaongeza wingi, haibadilishi umbo.

Ya pili inabadili mnyororo wenyewe. Mwaka 2010 Vikas Yadav na wenzake nchini Marekani waliingiza jeni tatu kutoka hamira Candida albicans, bakteria akaweza kutengeneza sukari yenye nitrojeni inayopatikana kwenye maganda ya kamba na kaa, na akaifuma ndani ya selulosi. Mnyororo ukawa na kasoro za makusudi, mpangilio wa fuwele ukalegea, na kimeng'enya cha laisozaimu kikaweza kuula. Mimi naiona hii kuwa njia yenye maana kubwa kwa emulsifaya, kwa sababu nyuzi zilizolegea ni rahisi kusaga na zina sehemu mpya za kushikia.

Ya tatu ni kufuata mfano wa zanthani. Mnyororo wake una matawi, na kwenye matawi kuna vipande vidogo vya kemikali viitwavyo asetili na pairuveti. Jeni zake 12 zinajulikana, kuanzia gumB hadi gumM. Ukiizima gumL, pairuveti inapotea, na ukizima gumF na gumG, asetili zinaondoka, kila mara uzito na tabia ya gundi vikibadilika. Kwa emulsani nayo, jeni zake zilielezwa mwaka 2001, na mabadiliko ya jeni yalitoa emulsani zenye mikia tofauti ya mafuta. Ila RAG-1 ni wa jamii ya Acinetobacter, jamii yenye ndugu wanaoshambulia wagonjwa hospitalini. Usimtege mtaani.

Kazi yenyewe ndani ya maabara inakwenda hivi. Soma mfuatano wa DNA ya bakteria wako mwenyewe, usitegemee wa kitabuni. Jeni unayoiingiza inapandikizwa kwanza kwenye plasmidi, duara dogo la DNA, na kuzidishwa ndani ya E. coli wa maabara. Kisha inaingizwa kwa bakteria wa selulosi kwa mshtuko mfupi wa umeme unaofungua ngozi yake. Kikwazo ni utando: seli zimenaswa ndani yake. Kwa hiyo unazilea pamoja na kimeng'enya cha selulasi, kinachoula utando na kuziacha seli huru, kisha unaziosha vizuri kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya mshtuko. Waliopokea plasmidi unawachagua kwa alama yake, unahakiki kwa PCR, njia ya kuzidisha kipande cha DNA hadi kionekane, na kwa kusoma DNA, ndipo unawalaza kwenye trei kando ya wazazi wao ambao hawakubadilishwa. Trei tatu tatu, chakula kilekile, siku ileile. Kisha kostiki, blenda, ufuta, rula. Na baada ya vizazi 20 hakiki tena, kwa sababu plasmidi hudondoka bakteria wakiona haina faida.

Kisheria hii si kazi ya jikoni wala ya klabu ya sayansi. Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa kuhusu usalama wa viumbe waliobadilishwa jeni, na chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kuna kanuni za mwaka 2009 za usalama wa bioteknolojia ya kisasa, zinazotaka kibali kabla ya kazi kuanza. Ukiwa chuoni Mtwara, tafuta mwenza mwenye maabara na kibali, wewe umpelekee bakteria uliyemtega, namba zako za E24, na swali lililo wazi. Mtu anayefika na daftari la makopo 60 yaliyopimwa anasikilizwa tofauti na anayefika na wazo.

Kufunga kazi

Maji ya trei yaliyotumika yachemshe dakika 20 kabla ya kumwaga. Kwenye maabara ya jeni kila kitu kinapita oteklevu, yaani chungu cha mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, hata ncha za pipeti. Trei zioshe kwa sabuni, suuza kwa maji ya moto, anika juani.

Andika kwenye daftari tarehe, joto la chumba asubuhi na mchana, nazi zilitoka wapi, pH ya kuanza na ya kumaliza, uzito wa utando mbichi na mkavu, E24, mafuta huru. Nazi za Msimbati na za Kilwa hazina sukari sawa, na za kiangazi si za masika. Kama unakusanya maji kwa kina mama, wapelekee ndoo safi yenye mfuniko jioni, uichukue asubuhi nazi zikishapasuliwa, na uchemshe kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu zipasuliwe, maana maji ya nazi yaliyopasuliwa huanza kuchacha wewe ukiwa bado barabarani.